Visiki vya Mangina vinamsubiri nani?

*Ahadi za kurudisha misitu ya Kongo huhesabiwa kwa miche. Visiki vinavyochipua vyenyewe nyuma ya nyumba za watu havimo kwenye hesabu hiyo.*

Na Mwandishi Wetu

Ukitoka mjini Beni kuelekea magharibi, safari ya kilomita kama 30, kakao inakupokea kabla hujaziona nyumba za Mangina. Nyuani imetandazwa juu ya maturubai ianikwe jua. Pikipiki zinazokuja kutoka upande wa msituni zimepakia magunia marefu, moja juu ya jingine, mpaka mgongo wa dereva umepotea.

Ni magunia ya makala. Msomaji wa Dar es Salaam au Mombasa asistaajabu: huku Kivu makala ni mkaa. Kwa hiyo unachosoma ni makala juu ya makala, na nitajitahidi usichanganyikiwe.

Nyuma ya nyumba za mwisho kuna vipande vya ardhi ambavyo mgeni atavipita akidhani ni kichaka. Ukisogea unaona mistari. Mtu alipanda hapa, kwa kamba na vipimo. Ni mikaratusi, au kalitusi kwa kinywa cha wenyeji, iliyokatwa miaka iliyopita, ikachipua, kisha ikaachwa. Kisiki kimoja kimetoa mashina kumi, pengine zaidi, membamba kama mipini ya majembe, yote yakigombania mwanga ule ule. Mitambaazi imepanda juu yake.

Kitu hiki hakina jina katika ripoti za serikali. Si msitu, maana kilipandwa. Si upandaji miti, maana hakuna mche mpya. Ni visiki tu.

Mti unaokatwa ili uendelee

Si kila mti hufa ukikatwa. Mkaratusi ukikatwa chini, sentimita 10 hadi 15 kutoka ardhini, kwa mkato wa mshazari ili maji yasituame, huamsha macho yaliyolala chini ya gome. Majuma machache yakipita kisiki kimeota machipukizi. Mizizi ni ile ile ya zamani, imekwisha kushuka na kujua maji yaliko, ndiyo sababu chipukizi hukimbia kuliko mche wowote uliotoka kitaluni.

Kazi inayobaki ni kuchagua. Mwaka mmoja au mwaka na nusu baada ya kukata, mwenye shamba hubakiza machipukizi mawili, hata matatu, yaliyonyooka na kushika vizuri kwenye kisiki. Mengine huyaondoa. Miaka sita hadi minane baadaye anavuna nguzo, kisha anaanza upya. Kisiki kinaweza kuvunwa hivyo mara tatu au nne kabla hakijachoka na kuhitaji kubadilishwa.

Hesabu yake ni ya darasa la tano. Hekta moja iliyopandwa kwa nafasi ya mita mbili na nusu ina miti 1,600. Visiki vyote vikiwa hai, na kila kimoja kikabakiziwa mashina mawili, una nguzo 3,200 zinazokua bila kitalu, bila gari la kusafirisha miche, bila kumwagilia.

> Kisiki kisichochaguliwa hakifi. Kinaishi maisha ya kichaka.

Na asipochagua? Kisiki kisichochaguliwa hakifi. Kinaishi maisha ya kichaka. Mashina yote hudumaa kwa pamoja, hayafikii unene wa nguzo wala wa makala mazuri. Yale yaliyoota vibaya kwenye ukingo wa gome hung'oka kwa upepo na kuacha kidonda kwenye kisiki, na kidonda huoza. Kuna uzembe wa aina ya pili pia: kuuacha mti unenepe miaka ishirini bila kuukata. Gome linapokuwa gumu kiasi hicho, macho hayaamki kirahisi.

Mangina hawakuviacha visiki hivi kwa uvivu. Tarehe 1 Agosti 2018 Wizara ya Afya ilitangaza mlipuko wa Ebola katika eneo la afya la Mabalako, ambamo Mangina imo, na jina la Mangina likasikika dunia nzima kabla ya lile la Beni na Butembo. Ugonjwa ulitangazwa kwisha tarehe 25 Juni 2020, baada ya watu 3,470 kuugua na 2,287 kufa. Kabla yake, wakati wake na baada yake, waasi wa ADF waliendelea kuua wakulima mashambani. Watu wamehama na kurudi, wakahama tena na kurudi tena.

Anayerudi hukimbilia kakao kwanza. Ndiyo yenye fedha: mwishoni mwa 2024 bei yake katika soko la New York ilivuka dola 12,000 kwa tani. Kalitusi husubiri. Haina mwizi wa haraka na haiozi juu ya mti. Husubiri mwaka, husubiri miaka mitatu, na ndivyo shamba la miti linavyogeuka kichaka.

Butembo walijifunza zamani

Panda kusini, kwenye vilima vya Butembo na Lubero, utakuta nchi nyingine. Huko msitu wa asili uliisha zamani, na watu walizoea kuishi kwa miti ya kupanda. Vilimani unaona viraka vya mikaratusi katikati ya maharage na viazi. Inachoma matofali, inasimamisha nyumba, inatoa mbao, inatengeneza hata chukudu, ile baiskeli ya mbao inayobeba mizigo ambayo magari yanaikataa. Kwa familia nyingi kiraka hicho ni benki. Mwaka wa shule ukifika, baba huuza kipande kikiwa bado kimesimama.

Mangina ilikuwa na sababu ya kutojifunza hayo. Iko chini zaidi, kwenye joto, ukingoni mwa msitu mkubwa unaoenda Mambasa na Ituri. Nani atabembeleza kisiki wakati libuyu, mti mkubwa wa mbao wa msituni, limesimama nusu saa kutoka kwake? Mbao za msitu huo zilikwenda mbali, zikapita mpaka wa Kasindi na kuingia Uganda, nyingine zikafika Kenya. Makala nayo yalikuja kama nyongeza: mtu anafungua shamba jipya la kakao, miti inaanguka, iliyo minene inakuwa mbao na mingine makala.

Njia hiyo inafungwa pande mbili kwa wakati mmoja. Upande mmoja ni soko. Sheria ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2023 inakataza kuuza huko kakao iliyotoka kwenye ardhi iliyofyekwa msitu baada ya tarehe 31 Desemba 2020. Utekelezaji wake umeahirishwa, lakini wanunuzi wameshaanza kuuliza shamba liko wapi. Upande wa pili ni mauti. Msitu ulipo ndipo walipo wenye silaha.

Hapo ndipo suala la kuni linapoacha kuwa suala la mazingira peke yake. Nchini Kongo zaidi ya kaya tisa kati ya kumi hupika kwa kuni au makala. Mama anayepata kuni mita mia tano kutoka mlangoni pake hana haja ya kuvuka mto kuingia porini. Mume wake hana haja ya kulala siku nne kwenye tanuru la udongo mahali asipoweza kupiga kelele akasikika. Na tanuru hilo la kienyeji lina hasara yake: katika kilo mia za kuni huwa linarudisha makala kilo 10 hadi 15, yaani gunia moja linaondoka na mti mkubwa kuliko unavyodhani.

Fedha zinapoishia

Kongo haina upungufu wa mifuko ya misitu. Sheria ya misitu namba 011/2002, ya tarehe 29 Agosti 2002, iliweka Mfuko wa Taifa wa Misitu, unaotakiwa kupata sehemu ya kodi za uvunaji ili misitu irudishwe. Mwaka 2012 ukaundwa mfuko wa FONAREDD kwa ajili ya fedha za nje zinazohusu tabianchi. Desemba 2019 ikatangazwa kampeni ya miti bilioni moja katika bustani za shule, ifikie lengo mwaka 2023. Novemba 2021, mjini Glasgow, Rais Félix Tshisekedi na wafadhili wa mpango wa CAFI wa misitu ya Afrika ya Kati wakatia saini ahadi ya dola milioni 500 kwa miaka mitano. Januari 2025 likaja Ushoroba wa Kijani wa Kivu hadi Kinshasa, eneo la zaidi ya kilomita za mraba 500,000.

Nimeziweka pamoja ahadi hizi ili msomaji aone kipimo chake. Miti bilioni moja. Kilomita za mraba laki tano. Huko juu kisiki hakionekani.

Mradi uliokaribia zaidi mahitaji ya watu wa huku ni EcoMakala, ulioanzishwa na WWF mwaka 2007 kuzunguka Hifadhi ya Virunga kwa msaada wa Umoja wa Ulaya na wengine. Wazo lake lilikuwa la akili: usimkataze mtu kupika, mpe mti wa kupikia. Wakulima wadogo walipanda maelfu ya hekta kwenye ardhi yao wenyewe, mikaratusi ikiongoza, ili makala ya mjini yasitoke hifadhini. Miti ya miaka ile ya mwanzo ilishafika umri wa kukatwa, mahali pengine zaidi ya mara moja. Maana yake ni kwamba Kivu Kaskazini leo ina visiki vingi kuliko wakati wowote, na fedha za umma zilizozaa visiki hivyo zilipimwa kwa hekta zilizopandwa.

Mpaka wa jimbo nao una mchango wake. Ukiondoka Mangina na kuipita Makeke unaingia teritwari ya Mambasa, jimbo la Ituri. Programu ya FONAREDD kwa upande wa mashariki, iliyosimamiwa na shirika la Umoja wa Mataifa la UNOPS, ilipangiwa Ituri, Tshopo na Bas-Uele. Kivu Kaskazini haikuwamo. Karatasi zilifuata mpaka wa jimbo. Pikipiki za makala hazijui mpaka huo uko wapi.

> Karatasi zilifuata mpaka wa jimbo. Pikipiki za makala hazijui mpaka huo uko wapi.

Na jimbo lenyewe? Katiba ya 2006, kifungu cha 175, inayapa majimbo asilimia 40 ya mapato ya taifa, yakatwe pale pale yanapokusanywa. Haijatekelezwa ilivyoandikwa. Tangu tarehe 6 Mei 2021 Kivu Kaskazini na Ituri ziko chini ya utawala wa kijeshi, na mabunge ya majimbo hayo yamesimamishwa. Hakuna mbunge wa jimbo wa kusimama na kusema Mangina inaomba fungu dogo la kupunguza machipukizi. Goma ilipoangukia mikononi mwa waasi wa M23 Januari 2025, serikali ya jimbo ilihamia Beni. Kwa kipimo cha barabara, gavana hajawahi kuwa karibu na visiki hivi kama sasa. Kwa kipimo cha hazina yuko mbali, na sitamlaumu mtu mwenye vita viwili kwa kutoanza siku yake na kalitusi.

Hata hivyo kuna mpango wa taifa wa kuendeleza teritwari 145, na Beni ni mojawapo. Ulianza na shule, zahanati na ofisi za utawala. Ni vitu vinavyohitajika, sibishi. Ila shule ina mlango wa kukatia utepe. Shamba la visiki lililopunguzwa vizuri linaonekana kama limeharibiwa. Inabidi mtu arudi baada ya miaka miwili ndipo aelewe alichoonyeshwa.

Wenye mashaka

Wapo wasiotaka fedha ya umma iguse mkaratusi kabisa, na hoja zao ni nzito. Unakunywa maji mengi. Chini yake maharage hayastawi. Ndege na wadudu wa msituni hawaupendi. Nchini Kenya, mwaka 2009, waziri wa mazingira wa wakati huo, John Michuki, aliamuru mikaratusi iliyopandwa kwenye vyanzo vya maji ing'olewe. Mtaalamu wa misitu atakwambia Mangina ina udongo na mvua za kuotesha miti ya asili, basi kwa nini tuendelee na mgeni kutoka Australia?

Nakubaliana nao kwa kingo za mito na mabonde. Huko kisiki king'olewe, na kung'oa nako kunahitaji fedha. Lakini penye mteremko mkavu nyuma ya nyumba, kisiki kilichopo ni kuni za mwaka kesho kutwa. Mti wa asili utakaopandwa leo ni kuni za mtoto ambaye hajazaliwa. Kati ya mistari ya mikaratusi iliyopunguzwa kunapatikana nafasi na mwanga, na hapo mche wa asili unaweza kupandwa bila ugomvi. Tena si kila mti mbadala una tabia hii. Akasia nyeusi, inayopendwa sana na wachoma makala wa vilimani, haichipui vizuri ikikatwa. Hurudi kwa mbegu.

Shaka la pili limekaa kwenye kumbukumbu. Kahawa ya robusta ilikuwa utajiri wa Beni kabla ya kakao. Miaka ya 1980 na 1990 ukaja mnyauko, kuvu anayeziba mishipa ya mti mpaka majani yananing'inia yakiwa bado shinani. Kuvu huyo huingia kupitia vidonda, na panga lililokata mti mgonjwa humpeleka kwa mzima. Dawa pekee ilikuwa kung'oa na kuchoma. Mzee aliyeona shamba lake la kahawa likifa kwa njia hiyo, halafu anakuja kijana na karatasi kumwambia akate mti ili kisiki kichipue, ana haki ya kumtazama mara mbili. Mradi wowote wa visiki utakaokuja Mangina bila kuzungumza kwanza juu ya kahawa utakuwa umekosea mlango.

Shaka la tatu ndilo gumu kuliko yote: ardhi. Sheria ya ardhi ya tarehe 20 Julai 1973 inasema ardhi ni ya dola. Mila inasema ni ya ukoo na chifu. Na mkimbizi wa ndani aliyekodi kipande cha kulima mihogo hana neno katika yote mawili. Anaruhusiwa mhogo, si mti, kwa sababu anayepanda mti anadai ardhi. Fedha zikilipwa kwa mwenye shamba la kalitusi, zitamfikia mtu ambaye tayari ana shamba. Wasio na ardhi watabaki wakinunua gunia.

Dodoma, Shinyanga na mti mmoja wa Uingereza

Jirani zetu Watanzania wameshalifanyia kazi suala hili, na wamelipa jina zuri. Huko Dodoma taasisi ya LEAD Foundation, pamoja na Justdiggit ya Uholanzi, inaeneza Kisiki Hai: mkulima anachagua kisiki kilichobaki shambani, anapunguza machipukizi, anakiwekea alama ili mchungaji na jirani wajue kina mwenyewe, anakitunza. Hakuna mche wa kununua.

Kabla ya hapo kulikuwa na HASHI, Hifadhi Ardhi Shinyanga, iliyoanzishwa na serikali ya Tanzania mwaka 1986 kwa msaada wa Norway. Haikuleta teknolojia mpya. Ilirudia ngitili ya Wasukuma, malisho yanayofungiwa ili yapumzike, na ikawaachia watu wenyewe waamue wapi na lini. Hadi mradi unafungwa mwaka 2004, zaidi ya hekta 300,000 zilikuwa zimerudi, sehemu kubwa kutoka mizizi na visiki vilivyokuwa vimelala ardhini. Ile ilikuwa fedha ya umma iliyolipia washauri, mikutano na sheria ndogo za vijiji.

Shinyanga ni nchi kavu. Tatizo lao lilikuwa kisiki kipate nafuu kichipue. Mangina mvua inanyesha, visiki vinachipua kupita kiasi. Kinachokosekana ni mkono wa kupunguza, na mkono ni ujira.

Kuna mfano wa mbali unaonichekesha kidogo. Kusini mwa Uingereza upo mti mdogo uitwao hazel, ambao kwa karne nyingi watu waliukata kila baada ya miaka saba hadi kumi kwa ajili ya nyua, mapaa ya nyasi na kuni. Karne ya 20 soko lake likafa, mashamba yakaachwa, yakasongamana na kuwa giza. Panya mmoja mdogo wa usingizi mrefu, anayeishi kwenye machipukizi ya mti huo, akaanza kupungua. Serikali ya huko ikafikia kutoa ruzuku ili watu wakate. Hebu fikiria karani wa Beni akipokea barua inayosema: tafadhali mlipe mwananchi, amekata miti vizuri.

Kazi ya mchana mmoja

Lakini karani wa Beni ameshawahi kulipa kazi za mikono. Wakati wa Ebola, mwaka 2019, Mfuko wa Jamii wa Kongo ulitumia fedha za Benki ya Dunia kuajiri watu kwa muda katika maeneo yaliyoguswa na ugonjwa, hasa kwenye barabara. Orodha zilitengenezwa, ujira ulilipwa, wasio na ardhi walikuwamo. Chombo kile kinatosha. Kibadilishwe kifaa mkononi: badala ya koleo, panga na msumeno, badala ya mita za mfereji, idadi ya visiki vilivyopunguzwa. Mwenye shamba apate nguzo zake baadaye, mfanyakazi apate ujira siku ile ile pamoja na fito alizoziondoa, ambazo kwa jiko la familia ni kuni za wiki.

Zaidi ya hapo, kazi yenyewe iko karibu na nyumba, mahali ambapo mtu anaenda asubuhi na kurudi kabla jua halijapungua. Katika teritwari hii huwezi kusema hivyo juu ya miradi mingi ya misitu.

Chipukizi la mwaka mmoja huondoka kwa pigo moja la panga. Mvua za Agosti zikifika, yale yaliyoota mwaka jana yatakuwa na unene wa kifundo cha mkono. Ya mwaka juzi, nyuma ya nyumba zile za mwisho, tayari yanataka msumeno, na watu wawili wa kuushika.